Tarakimu za Kweli na Tarakimu za Bure

Wazee wa pwani walipouza nafaka kwa kibaba hawakuridhika kutaja kibaba tu. Mnunuzi aliyejua kazi yake aliuliza kwanza: ni kibaba cha tele au kibaba cha mfuto? Kibaba cha tele ni kile kilichorundikwa hata nafaka ikafanya kichuguu juu ya ukingo. Kibaba cha mfuto ni kile kilichofutwa sawasawa na ukingo. Chombo ni kimoja na jina ni moja, lakini chakula kinachofika jikoni si kimoja. Mambo yalikuwa vivyo hivyo kwa urefu. Shibiri ya mtu mzima si shibiri ya kijana, na mkono wa muuza nguo aghalabu ulikuwa mfupi kuliko mkono wa mnunuzi.

Siku hizi mahali pa kibaba na shibiri pamekaliwa na kilo, lita na mita. Swali la wazee, hata hivyo, halikuondoka. Nyuma ya kila kipimo kinachoandikwa kwenye kadi, chupa au risiti kuna maswali yale yale: nani amepima, kwa chombo gani, na chombo hicho kinaona hadi wapi? Wiki hii ukurasa wa nyumbani unayatazama maswali hayo, kwa sababu majibu yake yanagusa mambo matatu yasiyo na mzaha katika nyumba yo yote: uzito wa mtoto, joto la mwili wake, na dawa anayonyweshwa.

KUHESABU SI KUPIMA

Kwanza hapana budi kutenganisha mambo mawili ambayo mazungumzo ya kila siku huyachanganya. Mama akisema kwamba kikapuni mna mayai 12, amehesabu. Mayai hayo hayawezi kuwa 12 na robo wala 11 na nusu. Jibu ni kamili, na ye yote atakayehesabu tena atapata lilo hilo. Lakini akisema kwamba nyama aliyoinunua ina kilo 2, hapo hakuhesabu, amepima. Kupima ni kulinganisha kitu na alama za chombo, na baina ya alama moja na ya pili daima pana nafasi ambayo chombo hakiioni. Kwa hiyo kila kipimo husema mambo mawili kwa wakati mmoja: kitu ni kiasi gani, na mpimaji ana hakika kiasi gani.

Tarakimu zinazobeba hakika hiyo huitwa tarakimu za maana. Tuchukue nyama ile ile. Mizani yenye alama za kila kilo moja ikionyesha 2, maana yake uzito wa kweli uko mahali fulani kati ya kilo 1.5 na kilo 2.5. Mizani yenye alama za kila sehemu ya kumi ya kilo ikionyesha 2.0, uzito uko kati ya 1.95 na 2.05. Mizani iliyo kali zaidi ikionyesha 2.00, uzito uko kati ya 1.995 na 2.005. Katika daftari la hesabu 2, 2.0 na 2.00 ni sawa. Katika kupima ni ushahidi wa namna tatu, wa mashahidi watatu ambao macho yao hayalingani. Mwanafunzi anayezifuta sifuri hizo kwa kudhani kuwa hazina kazi amefuta habari.

Lakini si kila sifuri ni shahidi. Bizari ya gramu 35 ikiandikwa kwa kilo huwa 0.035. Sifuri zilizotangulia hazikuongeza ujuzi wo wote. Zimekuja kuonyesha nafasi ya nukta tu, na tarakimu za maana bado ni mbili, yaani 3 na 5. Sifuri iliyo katikati, kama katika 2.05, imepimwa kama wenzake na huhesabiwa. Yenye mashaka ni sifuri ya mwisho katika namba nzima. Karani wa ghala akiandika kwamba mahindi ni kilo 1,500, msomaji hawezi kujua kama yalipimwa gunia kwa gunia hadi kilo ya mwisho, au kama mtu alitazama rundo akakisia. Akiandika tani 1.5, amekiri kwamba anajua tarakimu mbili tu. Akiandika tani 1.500, amejifunga kwamba anazijua zote nne.

MTOTO ALIYEJIFICHA NDANI YA KILO MOJA

Tuseme nyumba fulani ina mizani ya kusimamia yenye alama za kila kilo moja. Mama anapanda akiwa amembeba mwanawe wa miezi kumi na mmoja, na mizani inaonyesha 64. Anampa shangazi mtoto, anapanda peke yake, na mizani inaonyesha 55. Anatoa, anapata kilo 9, na kuliandika jibu hilo kwa furaha.

Hesabu haina kosa. Kilichozidi ni hakika. Ile 64 inaweza kuwa 63.5 au 64.5, na ile 55 inaweza kuwa 54.5 au 55.5. Kasoro mbili zikikutana, uzito wa mtoto unaweza kuwa popote kati ya kilo 8 na kilo 10. Mwezi unaofuata mama anapima tena na kupata 9 ile ile, naye anahuzunika kwamba mtoto hakukua. Au anapata 10, naye anatangaza kwa majirani kwamba mtoto ameongeza kilo nzima. Huzuni na furaha zote mbili hazina msingi.

Sababu yake yaonekana katika viwango vya ukuaji vilivyotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2006. Mtoto wa kiume aliye katikati ya kiwango hicho huwa na kilo 7.0 akiwa na miezi minne na kilo 7.5 akiwa na miezi mitano. Lakini akiwa na miezi kumi na mmoja huwa na kilo 9.4, na akitimiza mwaka huwa na kilo 9.6. Katika mwezi huo mzima ameongeza gramu 200 tu. Mizani inayoona kilo nzima haiwezi kuziona gramu hizo, kama vile jicho lisivyoweza kuona mshale wa saa ukitembea. Jambo la kuogopesha ni upande wa pili: mtoto anayedhoofika kidogo kidogo anaweza kujificha ndani ya kilo hiyo moja miezi kadhaa, na daftari la nyumbani likaendelea kusema 9.

Ndiyo maana kliniki nyingi za watoto hutumia mizani ya kuning'iniza yenye alama za kila gramu 100, au mizani ya kielektroniki inayoweza kuufuta uzito wa mama kabla ya kupima uzito wa mtoto mikononi mwake. Hata hiyo ya gramu 100 ina mpaka wake. Kila kipimo chake kinaweza kukosea gramu 50 kwenda juu au chini, na tofauti ya vipimo viwili inaweza kukosea gramu 100. Mtoto aliyeonyesha 9.4 mwezi uliopita na 9.5 mwezi huu yumkini amekua, yumkini hakukua. Muuguzi mwenye uzoefu kwa hiyo haamui kwa nukta moja kwenye kadi. Hutazama mstari wa miezi miwili au mitatu: unapanda, umelala, au unashuka?

Mama anaweza kumsaidia muuguzi huyo. Mtoto avuliwe nguo nzito na viatu kila mara, si mara hii avuliwe na mara ile apimwe na sweta. Mshale wa mizani uwe kwenye sifuri kabla ya mtoto kutundikwa. Na mtoto anayechezacheza angojewe atulie, kwa maana mshale unaotikisika hausemi neno la kuaminika. Mambo hayo matatu huongeza ukweli wa kipimo kuliko tarakimu yo yote inayoweza kubandikwa mwishoni.

MIZANI THABITI ISIYO SAHIHI

Hapa yafaa kutofautisha uthabiti na usahihi. Mizani thabiti ni ile ambayo ukiweka kitu kile kile mara tano, inatoa jibu lile lile mara tano. Mizani sahihi ni ile inayotoa jibu lililo karibu na ukweli. Mwenye duka aliyegandisha kipande cha risasi chini ya sahani ya mizani ana mizani thabiti sana: kila kilo yake hupungua gramu 80, leo na kesho na mtondo. Kurudia kupima katika duka hilo hakumsaidii mnunuzi, wala tarakimu nyingi kwenye kioo cha mizani ya kisasa hazimsaidii. Kinachomsaidia ni kipimo kingine, yaani jiwe lililokaguliwa, au mizani yenye muhuri wa wakaguzi wa vipimo.

Hata kilo yenyewe ilipata mtihani wa namna hiyo. Tangu mwaka 1889 kilo ya dunia nzima ilikuwa mcheduara mdogo wa madini ya platini na iridi, uliotunzwa Sèvres nchini Ufaransa, na nchi nyingi zilipewa nakala zake. Nakala hizo zilipolinganishwa na mama yao baada ya miaka mingi zilionekana kuachana naye kwa kiasi cha kama sehemu 50 za gramu moja iliyogawanywa mara milioni. Kwa lugha nyepesi, uzito kama wa chembe moja ndogo ya mchanga. Hakuna aliyeweza kusema kwa hakika kama nakala ziliongezeka au mama alipungua, kwa kuwa mama ndiye aliyekuwa kipimo. Kwa hiyo tarehe 20 Mei 2019 kilo iliachishwa mcheduara huo, ikafungamanishwa na kanuni za maumbile zisizochakaa.

JOTO LA 37 NA JOTO LA 98.6

Mwaka 1868 daktari Carl Wunderlich wa Leipzig, nchini Ujerumani, alichapisha kitabu juu ya joto la wagonjwa baada ya kukusanya vipimo vingi mno vya maelfu ya watu. Alieleza kwamba joto la kawaida la mtu mwenye afya ni sentigredi 37, na kwamba hupanda na kushuka kwa saa za siku na kutofautiana kati ya mtu na mtu. Kisha namba hiyo ikavuka mpaka kwenda kwa watu wanaotumia kipimo cha Farenhaiti. Kanuni ya kubadilisha ni kuzidisha kwa 9, kugawanya kwa 5 na kuongeza 32, na jibu lake ni 98.6.

Tazama kilichotendeka njiani. Namba 37 yenye tarakimu mbili imegeuka kuwa namba yenye tarakimu tatu, na ile 6 ya mwisho imeonekana kama iliyopimwa kwa uangalifu mkubwa. Haikupimwa, ilizaliwa na hesabu. Kama 37 ina maana ya popote kati ya 36.5 na 37.5, basi kwa Farenhaiti ni popote kati ya 97.7 na 99.5. Lakini watu wengi waliiamini ile sehemu ya kumi kama sheria, hata mtu mwenye 99.0 akajiona ana homa. Mwaka 1992 madaktari wa Maryland, Marekani, walipowapima tena watu wazima 148 wenye afya walipata wastani wa sentigredi 36.8, na watu wenyewe walitofautiana sana.

Kwa mama mwenye mtoto mgonjwa jambo hili si la kinadharia. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani huhesabu kwamba mtoto ana homa akipimwa kwapani na kuonekana ana sentigredi 37.5 au zaidi. Vipimajoto vingi vya nyumbani vinaweza kukosea sehemu moja au mbili za kumi. Kwa hiyo 37.4 na 37.5 kwa macho ya chombo ni kitu kimoja. Mama asilale usingizi wa raha kwa sababu ya 37.4, wala asikimbilie kuchanganya dawa kwa sababu ya 37.5. Yafaa apime tena baada ya muda, kwapa likiwa kavu na chombo kikikaa mahali pake mpaka mwisho.

Na zaidi ya yote amtazame mtoto. Mtoto asiyeweza kunywa wala kunyonya, anayetapika kila kitu, aliyepatwa na degedege, au aliyelegea na haamki vizuri, apelekwe kwa mganga upesi, kipimajoto kiseme kinachotaka kusema. Hizo ni dalili za hatari ambazo hazingoji nukta.

KIJIKO CHA MFUTO

Maneno ya wazee juu ya tele na mfuto yanarudi kwa nguvu zote pale mtoto anapoharisha. Maji na chumvi humtoka haraka, naye huweza kufa kwa kukaukiwa. Pakiti ya chumvi na sukari ya kurudisha maji mwilini, kwa utaratibu uliokubaliwa na Shirika la Afya Duniani na UNICEF mwaka 2002, ina gramu 2.6 za chumvi ya kawaida, gramu 13.5 za glukosi, gramu 1.5 za kloridi ya potasi na gramu 2.9 za sitrati ya sodi. Jumla ni gramu 20.5, za kuchanganywa katika lita moja ya maji safi. Kila moja ya vipimo hivyo imeandikwa hadi sehemu ya kumi ya gramu, na sehemu hiyo ya kumi ni ya kweli, kwani imepimwa kiwandani kwa mizani inayoweza kuiona. Utaratibu wa zamani ulikuwa na chumvi gramu 3.5, tofauti haikufika hata gramu moja, lakini pamoja na kupunguzwa kwa glukosi iliwapunguzia watoto kutapika na haja ya kutundikiwa maji.

Pakiti ikikosekana, nyumbani hutengenezwa maji ya vijiko: lita moja ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Vijiko hivyo vyote ni vya mfuto, yaani kilichojaa kifutwe kwa mgongo wa kisu mpaka kilingane na ukingo. Hapa ndipo kasoro zinapotofautiana uzito. Mama akipunjika maji ya mililita 50 katika lita, amekosea sehemu tano katika mia, na hilo huvumilika. Lakini nusu kijiko cha mfuto kikigeuka kijiko kizima, chumvi imekuwa mara mbili, na chumvi iliyozidi inaweza kumletea mtoto degedege na hata kifo. Sukari iliyozidi nayo huzidisha kuharisha. Anayepima, basi, aweke uangalifu wake mkubwa kwenye kile kidogo chenye nguvu, si kwenye kile kingi.

Sukari na chumvi zipimwe kwa kijiko kile kile. Kijiko kikiwa kikubwa kidogo au kidogo kidogo, angalau uwiano wa 6 kwa nusu utabaki ulivyo. Lita ipatikane kwa chupa inayojulikana, mathalani chupa mbili za nusu lita, wala si kwa birika la kukisia. Mwishowe maji yaonjwe kabla ya mtoto kupewa: yasiwe na chumvi kuliko machozi. Yakizidi machozi yamwagwe, yatengenezwe mengine. Ulimi ni kipimo kisicho kikali, lakini huweza kuligundua kosa kubwa. Mwenye pakiti naye asome maandishi yake, kwa kuwa ziko pakiti za lita moja na ziko za kiasi pungufu. Na mtoto aendelee kunyonya na kula, huku akipelekwa zahanati.

Kwa dawa za maji, kijiko cha jikoni kisitumike kabisa. Daktari anapoandika kijiko kimoja cha chai anakusudia mililita 5. Mwaka 2010 watafiti wa Ugiriki walitangaza matokeo ya kupima vijiko vya chai walivyovikuta katika nyumba 25: kidogo kabisa kilichukua mililita 2.5, na kikubwa kabisa mililita 7.3. Mtoto wa nyumba moja angepata nusu ya dawa yake, na wa nyumba nyingine dawa na nusu, wote wakiwa wamepewa kijiko kimoja kwa uaminifu. Kikombe kidogo chenye alama au bomba la kunyweshea lililokuja na chupa lisitupwe. Hilo ni sehemu ya dawa.

NUKTA INAYOFUTIKA

Kuna mahali pamoja ambapo desturi ya wapimaji hugeuzwa makusudi. Imeelezwa hapo juu kwamba 5.0 husema zaidi kuliko 5. Lakini katika maagizo ya dawa waganga hufundishwa wasiandike 5.0, kwa sababu nukta hafifu ikifutika, au ikiangukia kwenye mstari wa karatasi, muuguzi atasoma 50. Vivyo hivyo wasiandike .5, kwa sababu nukta ikipotea hubaki 5, waandike 0.5, sifuri ikisimama mbele kama mlinzi. Kosa la nukta si kosa la kidogo: ni mara kumi. Sheria ya tarakimu imewekwa kumtumikia binadamu, na pale inapomhatarisha, hupisha.

Wakaao karibu na mipaka wana sababu ya pili ya kujihadhari. Katika nchi zilizofuata desturi ya Kiingereza, nukta hutenga sehemu za desimali na koma hutenga maelfu. Katika nchi zilizofuata desturi ya Kifaransa, koma ndiyo hutenga desimali. Kwa hiyo 1,500 kwenye karatasi moja ni elfu moja na mia tano, na kwenye karatasi nyingine ni moja na nusu. Asiyejua karatasi imetoka wapi aulize kabla ya kupima. Kuuliza si ujinga.

HESABU HAIONGEZI MACHO

Mashine ya kuhesabu, na siku hizi simu ya mkononi, imewazoesha watu tarakimu za bure. Mtoto amepimwa mara tatu mfululizo, vikapatikana 7.2, 7.3 na 7.3. Mashine inatoa wastani wa 7.2666667. Mizani iliona sehemu za kumi. Mashine haikumwona mtoto hata kidogo. Jibu ni kilo 7.3. Nyumba inatumia kilo 20 za mchele kwa siku 30, na mashine inasema kilo 0.6666667 kwa siku. Jibu la mtu wa jikoni ni gramu 670 hivi, na hata hizo zitabadilika siku atakapokuja mgeni.

Kanuni zenyewe ni mbili, na mtoto wa darasa la sita anaweza kuzishika. Ya kwanza ni ya kujumlisha na kutoa: jibu lisiende mbali kuliko kipimo kilicho butu kabisa. Gunia la unga lililopimwa kwa kilo nzima likiwa 50, likiongezewa unga wa gramu 350, halijawa kilo 50.35, bado ni kilo 50 na kitu. Ya pili ni ya kuzidisha na kugawanya: jibu lisiwe na tarakimu za maana kuliko kipimo chenye tarakimu chache. Chumba chenye urefu wa mita 3.6 na upana wa mita 2.9 kina eneo la mita za mraba 10.44 kwa mashine. Ukichukua vipimo vidogo kabisa na vikubwa kabisa vinavyoweza kufichwa na tarakimu hizo, eneo liko kati ya 10.1 na 10.8. Tarakimu mbili zatosha: 10. Na anayenunua rangi ya sakafu ya chumba hicho ataomba ya kutosha 11, kwa maana rangi inayobaki huhifadhiwa, bali rangi inayopungua huacha kona tupu.

Katika yote hayo, tarakimu za ziada zishikwe hesabu ikiendelea, zikatwe mwishoni mara moja tu. Anayekata kila hatua hukusanya kasoro ndogo ndogo, na haba na haba hujaza kibaba.

Yafaa basi kila nyumba izoee kuandika kipimo pamoja na chombo chake: tarehe, uzito, na mizani iliyotumika. Asiye na hakika aandike "karibu," wala asione haya. Wazazi wawazoeze watoto wao kuuliza, kila wanapoletewa namba yenye mkia mrefu, ni chombo gani kilichouona mkia huo. Namba fupi iliyopimwa vizuri inaweza kumpeleka mtoto zahanati kwa wakati, na namba ndefu iliyobuniwa na mashine inaweza kumchelewesha nyumbani.